Jina Jekundu la Safu ya Saba

“Mimi, kwa brashi hii, sijawahi kumuua aliye hai wala kumfufua aliyekufa!”

Hayo aliyatamka Fundi Yin Maolin mbele ya kipaza sauti, juu ya Kilima cha Misonobari, Siku ya Kufagia Makaburi ya mwaka 1997. Walimsikia watu wa mji wa Lengshui wasiopungua mia sita, shule mbili zikiwa na bendera zao, wazee watano wenye medali kifuani, na Bwana Jiang, mkuu wa idara ya utamaduni ya wilaya. Hakuna aliyemwomba ajigambe. Aliombwa aseme neno moja la shukrani, maana ndiye aliyepaka upya majina ya askari wote waliolala pale, kisha ashuke. Lakini ukishampa fundi wa Lengshui kipaza sauti, tafuta pa kukaa.

Watu walipiga makofi, na makofi yenyewe hayakuwa ya adabu tu. Lengshui nzima inajua kwamba jina la mtu aliye hai, likichongwa kaburini, hutiwa rangi nyekundu, na la marehemu hutiwa nyeusi. Mjane akimzika mumewe huchongesha na jina lake mwenyewe ubavuni, likapakwa nyekundu, likakaa hapo linamsubiri kama kiti alichowekewa. Siku akifuata, nyekundu inafutwa, nyeusi inaingia. Kwa hiyo mpaka rangi anayechanganya mambo hajaharibu kazi tu. Kaua mtu.

Makofi yalikuwa bado hayajakwisha vizuri ndipo sauti ikatoka kule chini umati ulikomwagikia katikati ya mawe.

“Fundi! Na huyu wa safu ya saba umemfufua lini?”

Alikuwa Tuo, muuza nyama ya nguruwe, mtu ambaye hata msibani hunong’ona kwa sauti ya mnadani. Watu waligeuka. Safu ya saba, jiwe la kumi na tisa: askari wa kawaida, Luo Jinbao. Majina ya mawe elfu mbili mia nne na sita yalikuwa meusi tii, ila hilo moja tu lilikuwa jekundu, linang’aa kama midomo ya bibi harusi.

Kicheko kilianzia kwa wanafunzi, kikapanda hadi kwa wazee wenye medali. Mzee mmoja alicheka hadi medali zikagongana. Yin alibaki na kipaza sauti mkononi, mdomo wazi, na kile kipaza sauti, kwa ukorofi wake, kikawatangazia wote jinsi alivyokuwa akihema.

Jioni, Bwana Jiang alimwita pembeni. Hakuwa mtu mbaya Jiang. Alikuwa mtu wa kuogopa simu za wakubwa.

“Mzee Yin, mwakani wanakuja wageni kutoka mkoani. Kuna kampuni kule wanapaka kwa mashine, siku tatu kilima kizima. Mimi nimekutetea kwa sababu mkono wako ni mkono. Lakini nikiona tena jina jekundu pale, sitakuwa na la kuwaambia.”

“Hutaliona.”

“Nani kafanya?”

“Nitamjua,” alisema Yin, na usiku huo hakula.

“Usipokunywa supu,” mkewe alimwambia, “Luo Jinbao ndiye atakayeinywa, maana nasikia kafufuka ana njaa.”

“Mama Hong, niache.”

“Nikuache wapi, na mji mzima wanakuja kununua siki kwangu ili waniulize habari zako? Mdomo uliponza kichwa, baba Hong. Ungesema ‘ahsanteni’ ukashuka, leo tungekuwa tunalala.”

Yin alikuwa na miaka hamsini na saba. Baba yake alichonga mawe ya makaburi, na babu yake pia, kwenye duka lilelile la uchochoro wa Lango la Magharibi. Makaburi ya kilimani aliyajua kwa njia mbili, na ya kwanza hakupenda kuisimulia. Akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, katika ile miaka mtu alipokuwa hasemi kitu bila kugeuka nyuma, vijana wa mtaa waliamriwa kuyang’oa mawe yale yakajengewe mfereji. Naye aliyabeba begani. Mwaka 1985 amri ikageuka: askari waliokufa wakiukomboa mji kutoka kwa Wajapani mwaka 1944 warudishiwe heshima yao, mnara wa kumbukumbu usimamishwe tena, mawe yatafutwe. Yin alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Akaingia mferejini, maji hadi kiunoni, akayarudisha kilimani kwa bega lilelile. Hakumwambia mtu kwa nini alifanya siku mbili za kwanza bila ujira.

Tangu hapo, kila mwaka baada ya sikukuu ya mwaka mpya, alipanda na kopo lake la rangi nyeusi, chupa ya tapentaini, na brashi ya manyoya ya kicheche. Mawe sitini kwa siku, siku arobaini, na siku ya arobaini na moja yale sita yaliyobaki, kisha pombe. Alianzia chini, kwa askari wa kawaida, akapanda kuelekea kwa maofisa. Wenzake walimwambia anafanya kinyume, wakubwa ndio wa kwanza. Yeye akawajibu kwamba magoti mazima ni ya askari wa kawaida kwa sababu ni wengi. Makanali watapata magoti yaliyochoka, na wakitaka walalamike.

Na ni kweli kwamba karibu kila mwaka alikuta vipande vya nyekundu vimeganda ndani ya jina la Luo Jinbao. Alivikwangua kwa kijiti cha mwanzi, akalaani watoto wa shule, akapaka nyeusi, akasonga mbele. Hakuwahi kufika safu ya saba siku ya sherehe. Siku hiyo alisimama juu, karibu na mnara, karibu na wakubwa, mahali majivuno yalipomweka.

Mwaka mzima baada ya aibu ile aliishi na jina la Luo Jinbao kama mtu anayeishi na jino bovu. Tuo alimsalimu kila asubuhi: “Vipi fundi, marehemu wako hajambo?” Watoto wakacheza mchezo wa kufufuka. Mama Hong aliamini ni Peng, mpaka rangi wa Lango la Mashariki, anayeitamani kazi ile. Yin alienda dukani kwa Peng akajifanya anauliza bei ya vumbi la dhahabu, akainusa rangi yake nyekundu kopo kwa kopo. Haikuwa yenyewe. Rangi ya safu ya saba ilikuwa na harufu kali ya tamutamu, haikutoka kwa tapentaini, na iling’aa kupita rangi yoyote ya fundi.

“Umeridhika?” Peng alimuuliza. “Au nikufungulie na makopo ya chooni?”

Mwaka wa 1998 alimaliza kazi siku nne kabla ya sherehe. Siku tatu alikaa kilimani kuanzia alfajiri mpaka jua kuzama, na kigoda chake, chupa ya chai, na kopo la nyeusi endapo litahitajika. Hakuna aliyekuja ila wanawake wa kufagia majani na mbuzi mmoja. Siku ya nne ndiyo yenyewe. Wageni wa mkoani walitarajiwa saa nne. Yin alijificha nyuma ya msonobari wa safu ya sita, anajua kabisa kwamba kwa mtu wa umri wake ule haukuwa mkao.

Saa tatu na robo alipanda mtu mmoja. Alikuwa na kikapu mgongoni na aproni bado kiunoni.

Alikuwa Shangazi Zhai wa uji.

Yin alitaka kumpungia mkono. Bibi huyu alikuwa akipika uji wa njegere chini ya Lango la Magharibi tangu Yin hajaota ndevu, uji mzito wa njano, wenye tangawizi na mafuta ya pilipili, unaoliwa na andazi refu la kukaangwa. Yin alikuwa ameunywa kila asubuhi kwa zaidi ya miaka thelathini. Alijua mkono wake wa kushoto unatetemeka na wa kulia hautetemeki. Alijua hana mtoto. Zaidi ya hapo, alipojiuliza baadaye, aligundua hakujua kitu. Mtu akikuwekea bakuli mbele unaangalia bakuli.

Bibi alifika safu ya saba, akahesabu mawe kwa kidole, akakaa chini mbele ya la kumi na tisa. Akaweka bakuli la uji, akalimwagia pilipili nyingi kupita kiasi. Kisha akatoa mfukoni kichupa kidogo. Akakizungusha kifuniko, akakivuta kibrashi chake, akaanza kupaka.

Rangi ya kucha.

Yin alitoka nyuma ya mti. “Shangazi!”

Bibi hakushtuka. Alimalizia mstari aliokuwa nao, kwa mkono wa kulia. “Yin mdogo. Nilikuona tangu kule kwenye ngazi. Mti mwembamba, wewe mnene.”

“Ni wewe? Miaka yote hii ni wewe?”

“Ulidhani nani? Mbuzi?”

“Shangazi, umenivua nguo mbele ya mji mzima!”

“Nguo ulijivua mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nikasikia unasema hujawahi kumuua aliye hai. Nikasema moyoni, ala! Huyu ndiye anayenimalizia mume kila mwaka.”

Yin akatazama jina, akamtazama bibi. Jina alilipaka mara kumi na nne. Ilikuwa mara ya kwanza kulifikiria kama la mtu wa mtu.

“Ni mumeo?”

“Siku kumi na moja.” Alisema hivyo akichovya kibrashi. “Kikosi chao walipangiwa nyumba yetu. Alikuwa mtu wa mbali, hata lugha yake tulikuwa tunaicheka. Alikunywa uji wa mama yangu akasema hauna pilipili. Mama akasema, mtoto mwenye ulimi wa hivi ama ni mwizi ama ni mkwe. Tukaoana. Siku ya kumi na mbili wakaenda kuupanda ukuta wa mji, vitani.”

“Na akafa,” alisema Yin, kwa upole.

“Nani kakuambia?”

“Shangazi, yumo kwenye orodha.”

“Niliwauliza watu watatu wa kikosi chake. Mmoja aliniambia kombora. Wa pili akaniambia, amejeruhiwa tu, wamempeleka hospitali nyuma ya mto. Wa tatu akasema amemwona kwa macho yake anavuka mpaka kuwafukuza Wajapani. Watu watatu, Luo Jinbao watatu. Yule wa orodha ni wa nne. Mimi nimchague yupi?” Akapuliza rangi ikauke. “Kisha wewe, Yin mdogo, mtoto wa Yin mzee. Baba yako alimpaka mama yangu nyeusi, nakumbuka alivyofanya. Nikuulize: huyu, yai alikuletea nani?”

Hapo Yin alikaa chini.

Maana nyumba ya akina Yin ilikuwa na sharti lake, la tangu babu. Jina jekundu halitiwi nyeusi kwa uvumi, wala kwa barua, wala kwa sababu mtu amekaa sana bila kuonekana. Mfiwa mwenyewe lazima aje kwa miguu yake, na yai la kuchemsha na uzi mwekundu, na aseme neno moja: “Amefika.” Fundi huufunga uzi kwenye brashi. Yai huliviringisha juu ya jina mara tatu, hulimenya, hulila palepale kaburini, hasazi hata kiini. Baba yake alisema kwamba anayebadilisha rangi ya mtu lazima sehemu ya jambo hilo apite nayo tumboni. Yin alikuwa amekula mayai ya Lengshui nzima. Aliyala kwa uaminifu, hata wakati daktari alipomwambia apunguze.

Na kwa askari elfu mbili mia nne na sita hakula hata moja. Aliletewa orodha iliyopigwa mhuri na kopo la rangi, akainama akaanza kazi. Nani angeleta yai? Walitoka mbali, mama zao hawakujua hata kilima kilipo. Hilo alikuwa amelikubali bila kulifikiria. Lakini huyu mmoja alikuwa na mtu, na mtu mwenyewe alikuwa mwendo wa dakika ishirini chini ya kilima, anamkorogea Yin uji kila asubuhi, na Yin hakuuliza.

“Kwa nini hukuniambia?” alisema hatimaye.

“Ningekuambia nini? ‘Chukua uji, halafu tafadhali acha kumuua mume wangu’? Uji ungekukwama.”

Chini, kwenye barabara, milango ya gari ilifunguliwa ikafungwa. Wageni walikuwa wamewahi.

Kopo la nyeusi lilikuwa miguuni pake. Brashi ilikuwa mkononi. Jina la herufi tatu za Kichina kwa mkono wa Yin ni kazi ya dakika nne, na rangi ya kucha ikiwa mbichi inafunikika vizuri. Bibi Zhai aliona macho yake yanakwenda wapi. Akajisogeza pembeni, akampisha.

“Paka,” alisema. “Kazi ni kazi, na wewe una watu wa kulisha. Miaka yote umepaka, sikukutukana. Mimi nitarudi mwakani na kichupa changu.”

Laiti angelia, pengine ingekuwa rahisi. Yin alimkuta anafunga kichupa, anakiangalia kimebaki kiasi gani, kama mtu anayeangalia chumvi jikoni. Alisikia sauti ya Jiang ikipanda ngazi, ikieleza mwaka wa vita na idadi ya mawe. Akafikiria kampuni ya mashine. Akafikiria Tuo. Akafikiria bega lake, na jinsi amri zote mbili, ya kung’oa na ya kurudisha, zilivyokuja na mhuri wa duara unaofanana.

Akalifunika kopo. Akagonga kifuniko kwa ngumi, mara mbili, kikaingia.

Msafara ulifika safu ya saba. Wageni wanne wa koti, Jiang mbele, na nyuma yao watu wa mji wakianza kujaa, Tuo akiwa miongoni mwao na shada la maua ya njano begani kama mguu wa nguruwe. Jiang aliliona jina. Uso wake ulibadilika kwa awamu, kama taa za barabarani.

“Mzee Yin. Ni nini hiki?”

“Huyu hajapakwa nyeusi, Mkuu. Mwenyewe hajaleta neno.”

“Mwenyewe nani? Yumo kwenye orodha!”

“Orodha haileti yai,” alisema Yin.

Wageni wa mkoani walitazamana. Lakini wale waliokuwa nyuma, watu wa Lengshui, walielewa mara moja, na kitu kikapita katikati yao. Mwanamke mmoja akasema taratibu, “Kumbe ni wa Shangazi Zhai.” Mwingine akavua kofia. Yin alisimama, magoti yakalia.

“Mwaka jana nilisema sijawahi kumuua aliye hai,” alisema, safari hii bila kipaza sauti. “Nilisema uongo. Sikujua, lakini ni uongo. Huyu nimemuua mara kumi na nne bila idhini ya mkewe. Sasa basi.”

Tuo alikuwa wa kwanza kusogea. Alishusha shada lake akaliweka hapo, jiwe la kumi na tisa, ingawa lilikuwa limenunuliwa kwa ajili ya mnara. Kisha akakumbuka yeye ni nani.

“Fundi,” alisema, “hiyo pilipili kwenye uji wa marehemu, mbona sisi hatuwekewi hivyo?”

“Marehemu ni mamako,” alimjibu Bibi Zhai, na watu wakacheka, na msafara ukapata njia ya kusogea.

Jiang hakugombana naye. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata barua ilikuja, fupi, yenye heshima: kazi ya majina imepewa kampuni. Mama Hong aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya mtungi wa siki mahali pa barua mbaya.

“Mawe elfu mbili,” alisema.

“Na mia nne na sita.”

“Kwa ajili ya jina moja.”

“Ehe.”

Mama Hong alipanga chupa zake za siki. “Kesho umwambie Shangazi Zhai akuzidishie pilipili. Angalau upate kitu.”

Watu wa kampuni walikuja na mashine, wakamaliza kwa siku tatu, wakaondoka. Safu ya saba waliipuliza nyeusi kama zote, kwa kuwa hawakujua. Wiki moja baadaye jiwe la kumi na tisa lilikuwa jekundu. Ikawa hivyo kila mwaka. Jiang akifika hapo na wageni, huanza kuwaeleza habari za misonobari.

Mwaka wa tatu macho ya bibi yalikuwa yamefifia, akampa Yin kichupa. Yin alisita. Kwa brashi ya kichupa, nene na fupi, mkono wake wa fundi ulijiona mjinga. Alipaka jina la Luo Jinbao jekundu, mstari kwa mstari, bibi akikaa pembeni akimsahihisha asichokiona.

“Yin mdogo,” alimwambia siku ile, “mimi sina mtoto. Nikienda, nani atakuletea yai la Luo Jinbao?”

“Nitachemsha mwenyewe.”

“Na langu?”

“Mawili.”

“Moja linatosha,” alisema Bibi Zhai. “Siku kumi na moja, yai moja. Tutagawana.”

Alikufa mwezi wa kwanza wa mwaka 2003, asubuhi, sufuria ikiwa tayari imeinjikwa. Yin alimchongea jiwe dogo kwenye makaburi ya mji, upande ambao kilima kinaonekana. Siku ya saba alimaliza jina lake kwa rangi nyeusi, kisha akapanda ngazi, akipumzika mara nne. Kilimani hapakuwa na mtu. Alifunga uzi mwekundu kwenye brashi ya kicheche. Aliikwangua rangi ya kucha kwa kijiti cha mwanzi, taratibu, mpaka jiwe likabaki jeupe. Akaliviringisha yai juu ya jina mara tatu. Kwa kuwa hapakuwa na mfiwa, neno alilisema yeye.

“Amefika.”

Akalimenya, akala lote, hata kiini, akafungua kopo la nyeusi.

Yai alilinunua asubuhi ileile soko la Lango la Magharibi. Bei yake ilikuwa mao nne, sarafu za chenji tu.